Maini, mukene, bitiruti au vidonge? Ulinganisho wa njia za kuongeza damu kwa mfuko wa Mganda

Mwambie mtu wa Kampala kwamba damu yako imeshuka, na kabla hujamaliza kusema atakuwa ameshakuagiza juisi ya bitiruti. Jirani wa pili atasema dodo, yaani mchicha. Wa tatu, aliyetoka kliniki majuzi, atasema maini. Shemeji yako atakukata kauli: acha hayo yote, nenda duka la dawa ununue vidonge. Wote wanne wanakutakia mema, lakini wanayokushauri hayalingani hata kidogo. Hapa nayaweka ubavu kwa ubavu, kwa vitu vinavyopatikana Kalerwe, Owino, soko la Jinja au la Arua, na nitasema wazi mimi ningechukua kipi.

Hesabu kidogo kwanza. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma tu, na karibu theluthi mbili zake zimo ndani ya hemoglobini, ule wekundu wa damu unaobeba oksijeni. Kila siku tunapoteza miligramu 1 hivi, mwanamke anayepata hedhi zaidi kidogo, na mimba moja tangu mwanzo hadi kujifungua hudai takriban miligramu 1,000. Kwa kuwa utumbo hauchukui kila kinacholiwa, viwango vinavyotumiwa sana na wataalamu wa lishe vinataka chakula cha siku kiwe na miligramu 8 kwa mwanamume, 18 kwa mwanamke wa miaka 19 hadi 50, na 27 kwa mjamzito. Hapo ndipo penye tatizo letu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 53 ya watoto wa Uganda wenye miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Si wote hao waliokosa chuma, na hilo nitalirudia kwa sababu lina uzito.

Kosa linalofanywa na orodha nyingi za "vyakula vya kuongeza damu" ni kutazama miligramu zilizomo kwenye chakula bila kuuliza ngapi zitaingia kwenye damu. Chuma cha nyama na samaki, kile kilichofungwa ndani ya hemu (kile kiungo cha hemoglobini kinachobeba chuma), hufyonzwa asilimia 15 hadi 35. Chuma cha mimea hufyonzwa asilimia 2 hadi 20, kutegemea kimeliwa na nini. Kipimo changu basi ni kile kinachofika, kwa bei ambayo mtu anaweza kuilipa kila wiki. Sherehe ya siku moja haihesabiki.

Maini, nyama, na kile ambacho bucha haikisemi

Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina miligramu 2 na nusu hivi za chuma. Maini ya ng'ombe kwa uzito huohuo yana 6 na nusu, na maini ya kuku huvuka 11. Kwa namba hizo maini yanashinda bila ubishi, tena kipande kidogo kinatosha kwenye katogo ya familia, yale matoke ya kuchanganywa sufuria moja na kitoweo.

Ila kuna kitu kinachoyapita yote na wateja wengi wanakiruka: wengu, wengine huuita bandama. Wengu wa ng'ombe uliopikwa una karibu miligramu 40 katika gramu 100. Kwenye bucha ninazozijua mimi hautundikwi mbele pamoja na paja na mbavu. Unatiwa ndani ya fungu la byenda, yaani matumbo, au unapewa mteja anayefuga paka. Kwa Waislamu hakuna shaka juu yake, kwa maana ini na wengu ndizo damu mbili zilizohalalishwa. Mwombe mchinjaji akutengee asubuhi. Nyumbani uvue ule utando wa nje, uukate vipande vyembamba, uchemshe kidogo na tangawizi, umwage maji, kisha ukaange haraka kwa vitunguu na nyanya. Ukiuacha motoni muda mrefu unakuwa kama raba na watoto watakususia.

Kati ya maini na wengu, kwa chuma peke yake nachukua wengu. Kwa ladha, haya, maini. Kwa mjamzito jibu linabadilika: gramu 100 za maini ya ng'ombe zina vitamini A kama mara tatu ya kikomo cha siku kwa mama mwenye mimba, na vitamini A ya aina hiyo ikizidi, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Uingereza huwaambia wajawazito wayaache kabisa. Mama mwenye mimba anayependa maini amuulize mkunga wake kwanza, na kwenye zamu ya maini aweke nyama ya kawaida au samaki.

Mukene dhidi ya nyama

Huu ndio mchuano ninaoupenda, kwa sababu mshindi ni yule anayedharauliwa. Mukene, dagaa wetu wa Ziwa Nalubaale (Victoria), anaitwa chakula cha kuku na cha wanafunzi wa bweni. Kweli sehemu kubwa ya mukene huishia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Lakini samaki huyu analiwa mzima, kichwa, mifupa, na matumbo, na amekaushwa, kwa hiyo kiganja kimoja ni samaki wengi waliotolewa maji. Anabeba chuma cha hemu kama nyama, anaongeza zinki na kalsiamu, na fungu lake hugharimu sehemu ndogo ya bei ya kilo ya nyama. Zaidi ya hapo, nyama na samaki vina tabia njema: vikiingia sufuria moja na maharagwe au mboga, husaidia hata kile chuma cha mimea kifyonzwe zaidi. Vijiko viwili vya unga wa mukene kwenye maharagwe ya watu watano vinasaidia kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko nyama.

Kasoro yake ni usafi. Mukene ulioanikwa juu ya mchanga hubaki na mchanga, na hakuna pilipili ya kuuficha mchanga kwenye meno. Ulioanikwa kwenye vichanja vya wavu huuzwa ghali kidogo, na unastahili. Sokoni chukua mmoja umtazame: mzuri anang'aa kama fedha na ukimkunja anavunjika, yule wa kahawia, laini, mwenye harufu ya mafuta yaliyochacha, alikaushwa siku za mvua. Nyumbani osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne mpaka maji yatulie safi, kausha kwenye kikaango bila mafuta, kisha twanga na karanga. Ukiwa Hoima au Buliisa, muziri, samaki wadogo wa Ziwa Albert, hutengenezwa hivyohivyo.

Na nsenene? Novemba zikija, kula kwa raha zako, lakini usipange damu yako juu ya mdudu wa msimu.

Maharagwe: ya kawaida au NAROBEAN

Nyumba nyingi za Uganda hazichagui kati ya nyama na maharagwe. Zinakula posho (ugali) na maharagwe, basi. Kwa hiyo swali la maana ni maharagwe gani. Ya kawaida yaliyochemshwa yana miligramu 2 hadi 3 kwa gramu 100, na sahani ya mtu mzima ni kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo kwenye karatasi si haba. Lakini asidi ya fitiki iliyo ndani ya punje hukishika chuma hicho, na kinachovuka utumbo ni kidogo.

Mwaka 2016 shirika la taifa la utafiti wa kilimo, NARO, lilitoa aina tano zilizozalishwa makusudi ziwe na chuma kingi, NAROBEAN 1 hadi 5. Ni uzalishaji wa mbegu wa kawaida, hakuna jeni lililopandikizwa, na zimo za kichaka na za kutambaa. Maharagwe ya namna hii hukaribia mara mbili ya chuma cha yale ya kawaida. Je, ziada hiyo hufika kwenye damu? Kule Huye, Rwanda, wasichana wa chuo kikuu waliokuwa na akiba ndogo ya chuma walilishwa maharagwe ya aina hii kwa siku 128, wenzao wakala ya kawaida. Hemoglobini ya kundi la kwanza ilipanda zaidi. Haikuruka, ilipanda kiasi. Lakini bila kidonge na bila kubadilisha pishi.

Mwenye shamba hata la robo eka, ninamshauri bila kusita atafute mbegu hizo msimu ujao. Mnunuzi wa mjini yuko pabaya kidogo, maana sokoni maharagwe huchanganywa na muuzaji atakuapia chochote. Usilipe bei ya juu kwa maneno ya muuzaji; nunua yale unayoyapenda, yaloweke usiku kucha, mwaga maji, na elekeza pesa iliyobaki kwenye limau na mukene.

Dodo dhidi ya juisi ya bitiruti

Hapa sitachukua muda. Bitiruti ina miligramu 0.8 hivi kwa gramu 100. Dodo iliyopikwa ina zaidi ya 2. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea wenyewe na hauna uhusiano na wekundu wa damu, sawa na vinywaji vyote vyekundu vinavyouzwa kwa jina la kuongeza damu. Juisi hiyo si mbaya, ina foleti, lakini kwa bei ya glasi moja mjini unapata mafungu kadhaa ya dodo.

Dodo nayo isipambwe kupita kiasi. Chuma cha mboga za majani hufyonzwa kwa shida, na dodo iliyochemshwa saa nzima hupoteza vitamini C ambayo ingekisaidia. Ipike haraka, kamulia limau mezani. Watu wa Acholi wana bahati ya malakwang, mboga chachu inayopikwa na odi, rojo la karanga na simsim (ufuta) zilizosagwa. Simsim kavu ina miligramu 14 na ushee kwa gramu 100, namba inayotisha mpaka ukumbuke kwamba hakuna anayekula gramu 100 za simsim. Kijiko kikubwa kina 1.3 hivi, na ufyonzaji wake ni ule wa mbegu, mdogo.

Chai sasa hivi, au chai baadaye

Kama ungebadilisha kitu kimoja tu bila kutumia hata shilingi, badilisha saa ya chai. Majaribio yaliyofanywa miaka ya 1980 yalionyesha kwamba kikombe cha chai kinachoshushwa pamoja na mlo hupunguza ufyonzaji wa chuma kwa zaidi ya nusu, na kahawa kwa karibu asilimia 40. Tanini na jamaa zake hukamatana na chuma cha mimea tumboni na kukipitisha nje. Kuongeza maziwa hakutoi dawa, maana kalsiamu nayo huzuia. Chuma cha nyama hakiathiriki sana, kwa hiyo anayeumia zaidi ni yuleyule mla maharagwe.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei: kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikuleta madhara, ila iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilizuia sawasawa na ile ya mezani, kwa sababu chakula bado kipo tumboni. Kwa hiyo ukilinganisha "chai kabla" na "chai baada", kabla ni salama zaidi. Baada, subiri saa mbili hivi. Nchi inayolima chai Fort Portal na kahawa Masaka haiwezi kuambiwa iache kunywa, wala mimi siachi. Nasogeza tu.

Weka basi staftahi mbili mezani. Ya kwanza ni chai ya maziwa na chapati, au rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na chai. Mayai hayana msaada mkubwa hapa: yai moja lina chini ya miligramu 1 na protini ya kiini chake hukishikilia. Nyanya na kabichi mbichi ndani ya rolex ndizo zinazotetea heshima yake. Ya pili ni bushera, kinywaji cha uji wa mtama au ulezi uliooteshwa na kuchachushwa, pamoja na kipande cha papai. Kuotesha na kuchachusha huvunja ile fitiki, papai linaleta vitamini C. Kwa damu, ya pili inashinda waziwazi. Kwa kubeba mkononi ukikimbilia boda, rolex itabaki rolex, inywee maji.

Chakula au vidonge

Hili si shindano la haki na watu wengi huliingia kichwa chini. Chakula huzuia damu isishuke na hulinda ile iliyopo. Ikiwa imeshashuka, hasa kwa mjamzito, kuijaza kwa chakula peke yake ni kazi ya miezi mingi na mara nyingi haifiki. Kidonge kimoja cha feras salfeti cha miligramu 200 kina miligramu 65 hivi za chuma halisi. Hesabu ni wengu kiasi gani huo, kila siku.

Shirika la Afya Duniani linataka kila mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Mjamzito mwenye hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ya damu (10.5 katika miezi mitatu ya kati) anahesabiwa ana upungufu. Mwanamke asiye na mimba ni chini ya 12, mwanamume chini ya 13. Kwa mama mjamzito, basi, chaguo langu ni vidonge vya kliniki, na chakula kando yake. Kidonge chekundu chenye harufu ya kutu kinachotolewa bure kwenye kituo cha afya cha serikali hakizidiwi na kile cha sanduku la kupendeza kwa sababu ya sanduku. Soma nyuma: tafuta miligramu za chuma halisi, si uzito wa chumvi yote. Fumareti ya miligramu 200 ina 65 hivi, glukoneti ya 300 ina 35 tu. Glukoneti wengine huivumilia vizuri kwa sababu hiyohiyo, ina chuma kidogo.

Kero zake zinajulikana: choo cheusi, ambacho hakina neno, kufunga choo, na kichefuchefu. Tumbo tupu hufyonza vizuri. Likikataa, meza na chakula kidogo na maji ya chungwa, usimeze na chai wala maziwa wala dawa za kutuliza asidi. Kwa mwanamke asiye na mimba anayeteswa na tumbo, kuna njia ya siku moja ndiyo moja hapana. Utafiti uliofanyika Zurich umeonyesha kwamba dozi ya leo huamsha homoni ya ini iitwayo hepsidini, nayo hufunga mlango wa utumbo kwa dozi ya kesho. Ukiruka siku, kila kidonge hufyonzwa zaidi. Mjadilini na mhudumu wako, maana mjamzito bado anaelekezwa kumeza kila siku. Na mtu asiache pale anapojisikia nafuu: baada ya hemoglobini kurudi sawa, kwa kawaida huendelea miezi mitatu kujaza akiba.

Shira, dawa ya maji yenye chuma, ni kwa wasioweza kumeza vidonge na kwa watoto. Hutia meno madoa, kwa hiyo tumia mrija au suuza. Na vidonge vya mama viwekwe juu ya kabati, vimefungwa; ni vitamu kwa nje na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Kabla ya kununua chochote: kupima au kubahatisha

Kupima kunashinda, hasa kwa watoto. Mwaka 2006 kulitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Pemba, ambako watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku bila kujali hali yao, katika eneo lenye malaria kali. Waliopewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Tangu hapo mwongozo umekuwa kwamba chuma kwa watoto kwenye maeneo ya malaria kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Uganda karibu yote ni eneo hilo: chandarua kwanza, kipimo cha malaria, kisha shira kwa maelekezo.

Halafu kuna selimundu. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa nchini wanabeba vinasaba vyake, na mtoto mwenye ugonjwa wenyewe ana damu ndogo kwa sababu chembe zake zinavunjika, hali chuma chake huenda kipo cha kutosha, hata cha kuzidi akishaongezewa damu mara kadhaa. Minyoo ya safura na kichocho cha kandokando ya ziwa nazo hunyonya damu kila siku. Ukimlisha mtu wengu huku minyoo ipo, unawalisha wote wawili.

Mtoto wa miezi minane anayenyonya, akiba aliyozaliwa nayo imeanza kuisha kwenye mwezi wa sita na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Chaguo kati ya uji mweupe na kitobero, ule mchanganyiko uliofundishwa kwa miaka mingi na kitengo cha lishe cha Mwanamugimu kule Mulago, si gumu: chukua kitobero, matoke au kiazi, maharagwe yaliyomenywa, kijiko cha unga wa mukene, na mboga. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu yangoje mwaka utimie.

Mwanamama anayetafuna udongo wa sokoni wakati wa mimba asichekwe; hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wenyewe, na udongo nao hukishika chuma na kuuzidisha. Akapimwe.

Na mwanamume mzima ambaye damu yake iko chini? Asinunue chochote kwenye orodha hii kwanza. Hana hedhi, hana mimba, kwa hiyo aulize inavujia wapi: vidonda vya tumbo, bawasiri, minyoo, dawa za maumivu anazomeza kila siku kwa ajili ya mgongo. Vidonge vitapandisha namba na kuficha kidonda kwa miezi sita.